Usiniamkie

Asubuhi ya kwanza niliyoamka nyumbani kwangu nikiwa raia, nilitandika kitanda mke wangu akiwa bado amelala. Sikuwa natania. Mikono ilienda yenyewe, ikavuta shuka, ikakunja pembe za blanketi, ikapiga mto, na nilipozunguka upande wa pili nikakuta kuna mtu. Alifungua jicho moja akaniambia, "Baba watoto, mimi bado nimo humu." Kisha akacheka mpaka akakaa, na mimi nikabaki nimeshika pembe ya blanketi, sijui niikunje au niiachie.

Hiyo ilikuwa Kahama, kwenye nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo, yeye akigombana na mafundi wa matofali, mimi nikituma nilichopata kutoka kambini. Nilikuwa fundi wa jeshi. Jenereta, injini za dizeli, winchi, pampu za maji, chochote kinachokunywa mafuta na kupiga kelele, nilikifungua na kukifunga. Kijijini kwetu Didia walikuwa wakiniona likizo wanadhani nashinda na bunduki begani, na mimi sikuwasahihisha, maana bunduki ina heshima yake. Ukweli ni kwamba bunduki niliishika kwa zamu, spana niliishika kila siku. Kisha umri wa cheo changu ukafika. Sisi wa vyeo vya chini tunastaafu mapema. Tunatoka wakati mgongo bado umenyooka, na uraiani mtu mwenye mgongo ulionyooka anatakiwa awe na pa kwenda asubuhi.

Mimi sikuwa na pa kwenda. Mke wangu alikuwa napo. Alikuwa na meza yake ya mchele sokoni, na wateja wake, na wenye mashine za kukoboa waliomjua kwa sauti kwenye simu. Nyumba nzima ilipita mkononi mwake. Fundi wa maji akija anamuuliza yeye. Mjumbe akija anamuuliza yeye, mimi nikiwa nimekaa palepale barazani na suruali yangu iliyopigwa pasi. Wiki za mwanzo nilitengeneza kila kitu kilicholegea ndani ya uzio: bawaba za mlango, bomba la uani, redio ya jirani, baiskeli ya jirani mwingine. Baada ya hapo hakukuwa na kitu kibovu tena, nikaanza kufungua vitu vizima. Siku aliyonikuta nimefumua pasi yake juu ya meza, mke wangu hakucheka. Aliniambia nitafute kazi kabla sijaifikia friji.

Watoto wetu wakubwa walishaondoka nyumbani. Aliyebaki ni kitinda mimba, msichana, aliyekuja wakati sisi tulishadhani tumefunga duka. Huyu nilimlea kwa simu. Kila Jumapili, nikiwa kambini, mama yake alikuwa akimwekea simu sikioni, na kule ng'ambo nasikia kapumzi kake, halafu kanasema, "Shikamoo baba." Nami najibu, "Marahaba mwanangu." Basi. Baada ya hapo hana la kusema na mimi sina la kusema. Tunasikilizana kidogo, mama yake anachukua simu. Kusema kweli kati yangu na yule mtoto hapakuwa na kitu kingine. Hatukuwa na mchezo wetu, wala hadithi yetu, wala jina la utani. Tulikuwa na shikamoo na marahaba. Niliporudi moja kwa moja alinipokea nayo hiyohiyo, kila asubuhi, kila akitoka shule, ameinamisha kichwa, na mimi nilikuwa naisubiri. Nilikuwa najisogeza barazani saa ya watoto kutoka shule, nikijifanya naangalia barabara.

Nilitaka kazi kwa sababu yake na kwa sababu ya mama yake. Tumbo lingeshiba tu, pensheni ipo na mchele upo. Nilitaka wale wawili wawe na baba anayetoka na kurudi. Mwanamume aliyekaa tu ni mgeni hata kwake, na mimi ugeni nilikuwa nimeuchoka.

Nikaanza na migodi mikubwa, ile yenye geti na mlinzi anayekagua hata soli za viatu. Mahali pamoja waliniita. Walikuwa vijana watatu nyuma ya meza, wastaarabu kabisa, wakaniuliza nimewahi kuhudumia jenereta za ukubwa gani. Nikawaambia hilo siwezi kulisema, ni mambo ya kambi. Mmoja akauliza kwa upole, hata jenereta, mzee? Nikajibu, hata jenereta. Wakaandika. Wakauliza injini za magari, nikajibu vilevile, kidevu juu, nikijisikia mtu mwaminifu. Nilikuwa nimeapa kutosema nilichokiona kambini, na hakuna aliyewahi kunifafanulia kiapo kinaishia wapi. Nilipotoka pale nikapita dukani Kahama, mlangoni wamebandika picha ya jenereta ileile niliyoificha, na bei yake chini. Nikasimama naitazama. Nilijiita jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Kwingine kote waliposikia tu neno jeshi walinyoosha kidole getini. Mwanajeshi mstaafu? Tuna nafasi ya ulinzi. Nikieleza kwamba mimi ni fundi wananitazama mabega. Ningekubali ulinzi, siudharau, lakini kila nilipofikiri kukaa kwenye kibanda nikisikiliza injini ya mtu mwingine ikikohoa na mimi nimekatazwa kuisogelea, nilikuwa naona hapana.

Mwenzangu mmoja aliyestaafu kabla yangu akanishauri niachane na wenye mageti, niende kwa watu binafsi. Akanielekeza Nkome, mwaloni, pale wavuvi wa ziwani wanapoegesha boti, kwamba kule injini za boti zinakufa kila siku. Nikapanda basi nikaenda. Wenye boti walinipokea, sijawahi kupokewa hivyo. Shikamoo mzee, shikamoo baba, kijana mmoja akainuka akanipisha kiti cha plastiki, mwingine akaleta soda, na wote wakanisikiliza kwa makini kama niko kwenye mimbari. Nilipomaliza wakatazamana. Wakasema wanashukuru sana mzee wao kuwatembelea. Wakanifungia dagaa kwenye mfuko, wakanisindikiza mpaka stendi, wakaniombea kwa Mungu. Nikafika nyumbani mke wangu akaniuliza kazi. Nikamwambia wamenipa dagaa.

Alicheka, tukawala. Lakini safari iliyofuata, kwenye mashine za mpunga, nilirudi na mchele, mimi mume wa muuza mchele. Na iliyofuata nikarudi na kuku. Huyo kuku mke wangu alimpokea, akamfunga mguu, akaenda jikoni, na mimi nikajua kwamba kicheko kimeisha.

Aliyenifungua macho ni mama ntilie mmoja, kwenye senta ya wachimbaji upande wa Geita, nilipokuwa natafuta kwa wenye makarasha. Karasha ni pipa kubwa la chuma linalozungushwa na injini, ndani yake gololi za chuma zinasaga mawe ya dhahabu mpaka yanakuwa unga. Ukanda ule makarasha yamejaa, yanavuma mchana kutwa, na injini hazipumziki, kwa hiyo nilikuwa na hakika hapa sitakosa. Nikazunguka manne au matano. Shikamoo, kiti, maji ya kunywa, ahsante mzee. Nikaja kukaa kwa yule mama, nikaagiza ugali, na nadhani uso wangu ulikuwa umechafuka, kwa sababu aliniuliza kuna msiba. Nikamweleza yote.

Akapakua, na nilipoanza kula akaniambia, "Baba, watu hawakukatai kwa ufundi wako. Nani atakutuma wewe? Mtu amekuamkia shikamoo asubuhi, saa nne atakwambiaje umeharibu?"

Nikaacha kula. Nilikuwa sijawahi kuliwaza. Jeshini jambo hilo halipo, cheo kiko begani na kinaonekana. Nimepokea amri kwa maluteni ambao ningeweza kuwazaa, nimekoromewa na mmoja wao kwa ajili ya kipande cha waya, nikabana miguu nikasema ndio afande, na usingizi wangu haukupungua. Kumbe huku raia hawana mabega. Wana umri tu, na umri wangu ulikuwa unanitangulia kila mlango na kunifungia.

Siku hiyohiyo, ugali wa yule mama ukiwa bado tumboni, nikarudi kwenye karasha moja nilikokuwa nimeshakataliwa. Mwenyewe alikuwa kijana wa kwetu, Msukuma wa Shinyanga, umri wake haupishani sana na wa mtoto wangu wa kwanza, mwepesi, ana simu mbili na kofia ya njano. Asubuhi aliniamkia kwa kuinama, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, akaniita namhala, yaani mzee, kama wanavyoita nyumbani. Fundi wake alikuwa amekimbia na injini moja ilikuwa imekaa tu chini ya turubai. Shida anayo, fundi yuko mbele yake, na bado alikuwa ameniambia kwa uchungu wa kweli, "Namhala, mimi kukutuma wewe siwezi. Nitakukosea."

Safari hii nikasimama mbele yake, wafanyakazi wake wanatazama, nikabana miguu na kupiga saluti. Ile yenyewe, ya paredi. Nikasema, "Afande, mimi ni fundi wako. Kuanzia leo usiniamkie."

Mtu mmoja alianza kucheka akaacha. Kijana alinitazama mkono wangu uliokuwa bado kichwani, akatazama kando, akasema taratibu kwamba mama yake akisikia atamlaani. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimepanda basi mara nyingi mno na nimekula kuku wa huruma, nikamjibu, "Mama yako hana karasha."

Nikaanza kazi jioni ile.

Kwanza nilijiona nimeshinda, na sitasema uongo, raha ilikuwepo. Injini ya chini ya turubai nilikaa nayo siku kadhaa ikawaka. Sio ajabu, ilikuwa imechoka tu na haikuwa imepata mtu wa kukaa nayo. Nikapata kibanda cha mabati, nikapanga spana zangu ukutani kwa ukubwa kama karakana ya kambi, na asubuhi nikawa na pa kwenda. Nikampigia mke wangu. Alipiga kigelegele sokoni, nikawasikia wenzake wakiuliza kuna nini. Akampa mtoto simu jioni. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema, mtoto akaniuliza swali. Aliuliza mashine yangu inasaga nini. Nikamwambia inasaga mawe. Akauliza yanapikwaje. Tukaongea mpaka salio likaisha.

Kila Jumapili ya pili nilikuwa nakwenda nyumbani. Nilikuta nimewekewa kiti. Mke wangu alinieleza mambo ya nyumba na kuniuliza mimi naonaje, na hata pale alipokuwa ameshaamua, aliniuliza. Mtoto aliniletea daftari lenye karasha alilolichora, pipa lina macho na meno. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta huko kote, na nilikuwa nimekipata, na nilidhani nimekipata bure.

Kule kazini kijana alipata taabu mwanzoni. Asubuhi alikuwa akifika, mwili unaanza kuinama wenyewe, shikamoo inafika mdomoni, anaimeza. Nilikuwa naiona inavyopita kooni. Akinituma anasema naomba, tena naomba sana, ikiwezekana. Mimi namjibu ndio afande, kwa sauti, ili azoee. Nilimfundisha mwenyewe. Akiomba samahani kwa kunituma juani namwambia amri haiombewi samahani. Na alikuwa mwanafunzi mzuri jamani. Naomba ikawa fanya. Namhala ikawa fundi. Fundi ikawa wewe fundi.

Nilichokuwa sijakihesabu ni wale wengine. Mimi nilimkataza mtu mmoja. Lakini karashani wanamtazama bosi, na bosi haniamkii, basi wapakiaji nao wakaacha, na wasaga mawe, na vijana wa kuchenjua dhahabu, hata muuza vocha. "Vipi afande." "Mambo fundi." Mmoja alinipiga begani akipita. Nikajipa moyo kwamba hata kambini ilikuwa hivi. Haikuwa hivi. Yule luteni aliyenikoromea kwa ajili ya waya, siku moja tulikutana dukani nje ya kambi, yeye na kaptura, mimi na mke wangu aliyekuja kunitembelea. Alitoa mkono, akainamisha kichwa, akasema shikamoo mama, shikamoo baba, akambebea mke wangu mfuko hadi barabarani. Kesho yake alinikoromea tena. Jeshi lina uzio. Ukiwa ndani ni cheo, ukitoka nje wewe ni baba wa watu. Mimi niliuvunja uzio mwenyewe na sikujua kwamba ndio uliokuwa ukinilinda.

Siku moja mkanda wa karasha ulikatika kazi ikiwa imepamba moto. Walikuwa wamejaza mawe mabichi kupita kiasi, lakini mawe yalikuwa ya mtu mwenye haraka, na kijana alikuwa na wasiwasi, akanigeukia mbele ya kundi zima. "Wewe fundi, una akili kweli?"

Nikabana miguu. "Ndio, afande."

Watu walicheka, maana jibu lilichekesha. Nikafunga mkanda mwingine. Mchana ule nilimrudishia mama ntilie sahani ya ugali ikiwa nusu. Yeye mwenyewe alisimama kunitazama. Alikuwa mtu pekee aliyekuwa bado ananiita baba. Nami sikumlaumu. Aliniambia ugonjwa tu, dawa nilijitengenezea.

Sasa ikaja ile Jumapili. Nilikuwa nyumbani Kahama, mke wangu amepika wali na samaki, na jirani yetu amekuja kukaa nami barazani kabla ya chakula. Jirani huyu mimi namzidi umri kwa mbali, ila ana mvi za mapema. Mtoto alikuwa na jagi na beseni, tayari kutunawisha, kazi aliyokuwa akiipenda. Gari likasimama nje, pikapu ya bosi wangu. Alikuwa amekuja mjini kununua beringi, karasha limekufa, akaelekezwa kwangu.

Akaingia uani, kofia ameshaivua. Kijana mwenye adabu, naomba ieleweke, aliyelelewa vizuri na yule mama ambaye mimi nilimsema. Akaenda kwa mke wangu kwanza, akainama, mkono umeshika kiwiko. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Akageuka kwa jirani, akainama vilevile. "Shikamoo mzee." "Marahaba," akasema jirani, amestarehe kwenye kiti changu. Kisha akanigeukia mimi, na nikauona mwili wake ukisimama wima, kama nilivyoufundisha.

"Fundi, vaa tuondoke."

Mke wangu alikuwa ameshika sahani. Hakuiweka chini. Alibaki anamtazama yule kijana na tabasamu lake la kukaribisha bado liko usoni, anasubiri, jinsi unavyomsubiri mtu aliyesahau kitu mlangoni na unajua tu atarudi kukichukua. Kijana hakurudi. Mke wangu akamwambia kwa upole wa mama, "Mwanangu, umemruka baba."

Yule kijana aliona haya. Aliona haya kweli, akaanza kuzungusha kofia mikononi, akanitazama nimsaidie. Sikumsaidia. Akasema, "Mama, alinikataza mwenyewe."

Hapakuwa na uongo hapo wa kukamata. Jirani akaanza kuangalia viatu vyake. Mke wangu akanigeukia, tabasamu limeisha, akaniuliza ulimkataza? Nikamwambia ni mambo ya kazi tu, hawezi kuelewa. Akaitikia kwa kichwa. Mwanamke aliyekaa peke yake nusu ya ndoa yake akisubiri baba wa watoto wake arudi, nikamwambia hawezi kuelewa. Nikaingia ndani kubadili nguo. Nilipotoka, sahani yangu ilikuwa imefunikwa na sahani nyingine, na mtoto alikuwa bado amesimama palepale na jagi lake, maji hayajamiminwa.

Siti ya mbele alikaa mteja mwenye mawe, aliyekuwa amebaki garini. Nilipanda nyuma na beringi, nikala vumbi la njia nzima. Nilikuwa na hasira, na hasira yote nilimtafutia mtu wa kumbebesha. Nilianza na kijana, nikaenda kwa mama ntilie, nikamrudia hata jirani kwa kukalia kiti changu. Tulipofika, nilikuwa nimebaki mimi.

Kesho yake nilimwita kijana pembeni nikamwambia, kama haitamsumbua, awe ananiamkia. Nilisema kwa shida, na nilijikuta nimebana miguu. Alikubali haraka, nadhani ilimpunguzia mzigo. Asubuhi iliyofuata akapita na simu sikioni, akasema shikamoo fundi, hebu angalia ile pampu, yote kwa pumzi moja, akaendelea na simu yake. Nikasema marahaba, na sijui kama aliisikia. Siku ya tatu alisahau, na sikumkumbusha. Kinyago nilikichonga mwenyewe, ningeanzaje sasa kumwambia mtu asikitazame.

Kazi ile ninayo mpaka leo. Watu wakiniuliza kama ni nzuri nawaambia ni nzuri. Injini zinawaka, nina pa kwenda asubuhi.

Lakini ile Jumapili niliyorudi nyumbani baada ya hapo, nilifika mchana, vumbi la Geita bado liko masikioni, nina mfuko wa mihogo niliyonunua njiani. Mtoto alikuwa kizingitini. Siku nyingine zote angekuwa ameshafika getini, kichwa ameinamisha, ameshasema shikamoo na ameshaunyang'anya mfuko. Safari hii alisimama. Mdomo ulifunguka, ukafungika. Alikuwa ananitazama vizuri tu, bila kununa, bila woga, mtoto anayetaka kufanya jambo kama linavyotakiwa. Akageuza shingo akauliza ndani.

"Mama, baba anaamkiwa?"

Mke wangu akatokea nyuma yake, mikono inatiririka maji, na hakumjibu mtoto. Alinitazama mimi, aniachie nijibu mwenyewe.

"Marahaba," nikasema.

Mtoto hakuwa amesema kitu. Nikairudia, marahaba mwanangu, nikaweka mfuko chini, nikasimama pale nje nikimsubiri.